Nataka mashine ya leza ya kwanza kwa ajili ya kadi za harusi na topa za keki, nichukue ipi?

DadaKadi_Sinza:

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na hizi mashine za leza za kukata na kuchonga maandishi. Niko Sinza, nafanya kadi za harusi, kadi za mchango na vitu vidogo vya ukumbini kama namba za meza, majina ya maharusi, topa za keki. Kudizaini nafanya mwenyewe, kukata napeleka kwa jamaa mmoja mjini ana mashine kubwa. Miezi ya kawaida hatuna shida lakini zikikaribia zile wiki ambazo kila mtu anataka afunge ndoa kabla ya mfungo, na mwezi wa 12 ndo usiseme, kazi yangu inakaa foleni siku nne tano, mteja anapiga simu kila saa na mimi sina la kumwambia. Nimechoka aisee, nimeamua nitafute ya kwangu.

Sasa kazi ni kuchagua. Kuna hizi ndogo za wazi zisizo na boksi, zina mwanga wa bluu, wameandika 40W na bei yake iko chini sana. Kuna ile ya boksi wanaiita K40. Halafu kuna zile kubwa za 60W mpaka 100W zenye tyubu inayopozwa na maji kama ya yule jamaa. Nina kama milioni tano, naweza kuongeza kidogo kama kuna sababu ya maana. Kichwani kwangu nilikuwa naona nijikaze nichukue ya 100W moja kwa moja ili nisije kununua mara mbili.

Vitu ninavyokata: karatasi ngumu za gramu 250 hadi 300, akriliki ya kioo ya dhahabu ya milimita 2, akriliki klia ya milimita 3, MDF ya milimita 3, na natamani sana kuongeza foreksi kwa ajili ya zile herufi kubwa za stejini. Nafanyia chumba cha mbele hapa hapa nyumbani, kina dirisha moja, umeme wa LUKU wa kawaida. Nina watoto wadogo wawili pia. Karibuni.

Fundi_Keko:

Karibu dada. Umefanya vizuri kutaja vitu unavyokata maana wengi wanakuja na swali la wati ngapi, ukimuuliza anakata nini anakwambia kila kitu. Leza inachaguliwa kwa malighafi kwanza, wati zinafuata.

Nianze na hizo za mwanga wa bluu, hizo ni dayodi. Mwanga wake nyingi ni nanomita 450 hivi (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na huo mwanga unaipita akriliki klia bila kuigusa, hausimami ndani yake kwa hiyo hauchomi kitu. Utaona akriliki iko salama halafu meza ya chini ndo imeungua. Nyeusi itakata, zile za rangi nzito nazo nyingi zinakubali, ila klia hapana, na ya rangi ya bluu pia hapana. CO2, yaani leza ya tyubu ya gesi kama ile K40 na zile kubwa za maji, yenyewe ni nanomita 10,600, macho hayauoni kabisa, akriliki ya rangi yoyote ile inaumeza wote pale juu juu, ndo maana inakata na ukingo unatoka unang'aa wenyewe bila kupiga msasa. Wewe umesema akriliki klia ni kazi yako ya kila wiki, hapo dayodi imeshatoka hata kabla hatujaongea bei.

Na hiyo 40W iliyoandikwa kwenye tangazo usiiamini mpaka uulize ni wati za mwanga unaotoka au ni za umeme unaoingia. Wauzaji wengi wanaandika za umeme kwa herufi kubwa, ukisoma chini kabisa unakuta mwanga unaotoka ni wati 5 au 10. Zipo za 20 na 40 za kweli siku hizi ila hata hizo kwenye klia jibu ni lile lile.

Sasa la muhimu kuliko yote, naomba ulisome mara mbili. FOREKSI USIITIE KWENYE LEZA. Yoyote ile, iwe dayodi iwe CO2. Foreksi ni PVC, na PVC ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ikikutana na unyevu wa hewa inageuka asidi. Na Dar unaujua unyevu wake. Itakuchoma koo na macho, watoto wako wapo chumba cha pili, na reli za mashine, bearingi, skrubu, vyote vinaota kutu kwa muda mfupi sana. Stika za vinaili ni hivyo hivyo, na reksini nyingi za makochi ni PVC pia hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni ngozi. Herufi za stejini za foreksi peleka kwenye mashine ya CNC yenye kisu kinachozunguka au kata kwa mkono.

Ukiwa na plastiki hujui ni nini fanya hivi, chukua waya wa shaba uliotolewa ganda, ushike kwa koleo, uchome kwenye jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi yoyote ya ajabu, kisha ugusishe kwenye ile plastiki ichukue kidogo, uurudishe kwenye moto. Moto ukiwa wa kijani kibichi hiyo ina klorini ndani, usiikate. Fanyia nje au dirishani. Waya wenyewe utoe ganda lote kwanza, maana ganda la waya nalo mara nyingi ni PVC, litakupa kijani cha uongo.

Kwa hiyo mimi kwako nasema CO2. Ukubwa na wati tutaongea, subiri wengine wachangie.

Mbao_na_Moto:

Fundi umeongea kweli tupu ila nisaidie kuitetea dayodi kidogo, isije ikaonekana ni takataka. Mimi nachonga maandishi kwenye mbao na kuuzia watalii pale Mwenge na dayodi ya wati 10 za kweli inanilisha. Mninga inatoka vizuri mno, ule wekundu wake na mstari mweusi wa leza vinapendana. Mpingo ndo mgumu, ni mweusi na mzito, leza inachonga ila maandishi hayaonekani mpaka upake rangi nyeupe au ya dhahabu kwenye mfereji halafu upige msasa juu. Ngozi halisi pia iko vizuri. Mashine naibeba kwenye begi, ukikatika umeme naweza kuiwashia kwenye betri na inveta, haina maji haina tyubu ya kupasuka.

Ila kwa dada nakubali, akriliki klia haitakata, na karatasi nyeupe inaurudisha huo mwanga wa bluu mwingi, itabidi upite taratibu na ukingo unaweza kuwa na ukahawia. Halafu zile za wazi na watoto ndani hapana. Mwanga wake ukigonga kitu kinachong'aa unarudi na unaweza kuharibu jicho kabla hujapepesa, lazima kila aliyemo chumbani avae miwani maalum ya kuzuia mwanga wa nanomita zile zile, siyo miwani ya jua. Na wewe unasema akriliki ya KIOO. Kama mtu anataka dayodi nyumbani anunue yenye boksi la kufunga.

DadaKadi_Sinza:

Asanteni sana. Fundi hilo la foreksi limenishtua, kuna mtu aliniambia inakatika vizuri tu na leza. Kwa hiyo dayodi naiweka pembeni. Sasa kwenye CO2 nichukue 100W au? Na hiyo K40 inafaa?

MamaMialiko:

Mdogo wangu nimepita nikaona kazi yako ni kama yangu. Niko Mbagala, kadi ndo zimenisomeshea wanangu. 100W usichukue kwa ajili ya karatasi.

Hizi tyubu za kioo zina kiwango cha chini ambacho ukishuka chini yake haziwaki vizuri, zinawaka zinazima. Kwa tyubu nyingi ni asilimia 10 hivi ya nguvu yake. Sasa asilimia 10 ya 100W bado ni moto mwingi kwa karatasi ya gramu 250, hasa kwenye kona ambako kichwa cha mashine kinapunguza mwendo ili kigeuke, pale moto unakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Chukua kadi yenye maua ya kutoboa toboa uiangalie karibu na dirisha. Mistari mirefu iko safi, lakini kila ncha ya jani kuna kidoa cha kahawia, na ukipitisha kidole masizi yanabaki kidoleni. Mteja hajui leza ni nini lakini kile kidoa anakiona, na kadi yake ni ya rangi ya maziwa. Tyubu ya wati 40 mpaka 60 unaweza kuishusha ikawa mpole, na doa la mwanga wake ni dogo zaidi kwa hiyo hata vile vitundu vidogo vinatoka. Ukiweka lenzi fupi ya inchi moja na nusu badala ya ile ya mbili inayokuja na mashine, maua madogo yanatoka masafi zaidi, ila ukihamia MDF rudisha ya mbili.

Mengine ya karatasi: hewa ya pampu iache kidogo tu, ukiifungulia yote karatasi inaruka katikati ya kazi. Mimi nabana kwa sumaku ndogo kwenye ile meza ya nyuki, yenye vitundu kama sega la asali, kwa sababu ni ya chuma, angalia kabla hujanunua maana nyingine ni aluminiamu na sumaku hazishiki. Kata uso wa kadi ukiwa chini, masizi mengi yanabaki upande wa nyuma. Na usiondoke, hata kwenda kufungua geti, karatasi ikishika moto inashika kweli. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, siyo jikoni.

Akriliki ya kioo kata kwa mgongoni, ule upande wa rangi ya kijivu uwe juu, uso wa dhahabu uwe chini na karatasi yake ya kinga usiibandue. Majina uyageuze kwenye kompyuta kwanza, vinginevyo utatoa topa inayosomeka kinyume.

DadaKadi_Sinza:

Shikamoo dada, asante mno, hivyo vidoa vya kona ndo malalamiko yangu kwa yule jamaa kila siku na alikuwa ananiambia ni karatasi yangu mbovu!

MamaMialiko:

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana ana tyubu kubwa tu, kazi zake nyingi labda ni mabango. Simlaumu, ila karatasi yako haina kosa.

Umeme_Temeke:

Wakuu mmeongea malighafi vizuri, mimi niongelee joto na umeme kwa sababu mashine nyingi za CO2 ninazoitwa kutengeneza hapa mjini zimekufa kwa hayo mawili na siyo kwa kazi.

Tyubu ya CO2 inapozwa na maji. Ikipata joto inapoteza nguvu na inazeeka haraka. Wauzaji wanakupa boksi jeupe wanaliita chila, CW-3000. Hiyo haina kompresa ndani, ni rejeta na feni tu, haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba hata siku moja. Ulaya huko chumba kina nyuzi 20 inatosha. Sinza mwezi wa pili chumba chako cha mbele kina nyuzi 32 saa nane mchana, maji yatakuwa 33, 34 na yanapanda. Kwa Dar unahitaji yenye kompresa, CW-5000 au 5200, ile inafanya kazi kama friji. Kuna zinazofanana nazo kwa nje, kwa hiyo muulize muuzaji kama ina gesi na kompresa na uinyanyue, yenye kompresa ni nzito. Hii hesabu iweke ndani ya bei ya mashine toka mwanzo, usiione kama nyongeza.

Sasa wengi wakishapata chila nzuri wanaishusha mpaka 18 kwa sababu kitabu kimeandika hivyo. Hewa ya Dar kipindi cha joto umande wake unaweza kuanza kudondoka kwenye nyuzi 24 au 25. Kitu chochote cha baridi kuliko hapo kinatoka jasho, kama soda uliyoitoa kwenye friji. Fungua mfuniko wa nyuma wa mashine iliyowekwa 18 uangalie tyubu, utakuta matone yamejipanga chini ya kioo na mengine yanatiririka kuelekea kwenye ncha pale waya mwekundu unapoingia. Huo waya una volti elfu kumi na tano, elfu ishirini huko. Tone likifika pale umeme unaruka, unasikia tik tik tik, na pawa saplai inakufa, ikiwa na bahati ya kufa peke yake. Kwa huku weka 25 au 26 kipindi cha joto, mwezi wa sita wa saba unaweza kushuka kidogo. Ukiweza kufunga AC chumbani ni bora zaidi kwa sababu inakausha hewa pia.

Maji tumia yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, siyo asidi lakini, soma lebo. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, chumvi inapitisha umeme, na inaacha ukoko ndani ya tyubu.

Athi, yaani waya wa kwenda ardhini. Hapa naomba mnisikilize. Nyumba nyingi soketi ina tundu la athi lakini nyuma yake hakuna kitu, waya haujafungwa popote. Mwite fundi apime, kama hakuna achimbie fimbo ya athi na kuunganisha kwa usahihi. Mashine ya dayodi inaweza kuishi bila athi, ya CO2 bila athi inaweza kukuua, bodi lote la chuma linakuwa na umeme. Na pawa saplai yenyewe usiiguse hata baada ya kuchomoa, inabaki na chaji kwa muda.

Mwisho stabilaiza. Umeme ukiyumba jioni watu wote wamewasha vitu, pawa saplai ndo inaumia kwanza. 60W ikiwa na chila ya kompresa, feni na pampu, tafuta stabilaiza ya kilowati 3 ili ipumue, kompresa ikianza kuwaka inavuta mwingi kwa mkupuo. Na agiza mashine ya 220V, usishawishike na ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ya 110V.

Fundi_Keko:

Umeme_Temeke hapo kwenye jasho la tyubu umemaliza, hilo hawaliandiki popote kwa sababu vitabu vinaandikwa na watu wa nchi za baridi.

Dada sasa nikurudie kwenye K40. Ni mashine ya kujifunzia nzuri na wapo wanaoingiza hela nayo. Ila meza yake ni ndogo, sentimita 30 kwa 20 hivi, kadi moja ukiifungua A4 tayari imezidi. Chila haina, inakuja na pampu ya kutumbukiza kwenye ndoo, na kwa joto hili ndoo inakuwa supu baada ya saa moja. Bodi yake ya asili, yaani saketi inayoiendesha, nyingi ni M2Nano, haikubali LightBurn, ile programu ya kuendeshea leza, utatumia K40 Whisperer ambayo ni ya bure na inafanya kazi, ila mpaka ubadilishe bodi hutapata raha ya kurekebisha nguvu kwa kompyuta, unazungusha kitasa kwa mkono.

Kwa kazi zako mimi ningetafuta meza ya 60 kwa 40, tyubu ya wati 50 au 60, bodi ya kuendeshea ya Ruida. Sababu ya 60 kwa 40 ni hii: shiti ya akriliki inauzwa futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440. Ukimwambia muuzaji akukatie vipande vya 60 kwa 40 unapata 12 kamili na kinachobaki ni utepe mwembamba pembeni. Ukichukua mashine ya 50 kwa 30 kila shiti utakuwa unatupa au unahangaika na vipande visivyolingana. Hii hela inapotea kimya kimya.

Wati za tyubu usisome kwenye stika, uliza urefu na unene wa tyubu. Ya 40 ni kama sentimita 70, ya 50 ni kama mita moja, ya 60 inavuka mita. Mtu akikwambia ni 60 na tyubu ni ya sentimita 70, huyo anaisukuma tyubu ya 40 kupita uwezo wake na itakufa mapema. Kwa sababu hiyo hiyo mashine nyingi za meza ndogo zina kiboksi kimechomoza ubavuni, tyubu imezidi bodi. Kwa hiyo pima mlango wa chumba chako kabla hujalipa.

Moshi nao. Dirisha lako moja ndo limeamua. Feni ya kuvuta iwe dirishani isiwe kwenye mashine, ili bomba lote liwe linanyonya, maana ikisukuma moshi unavujia chumbani kwenye kila kiungio. Harufu ya akriliki ni kali na inakwenda mbali, na MDF gundi yake ina fomaldehaidi, siyo kitu cha kuvuta. Kama dirisha linaangalia mlango wa jirani kaongee naye kabla, au upandishe bomba juu ya bati.

Mtu_wa_Mizigo:

Naingia kwenye kuagiza. Kununua hapa Dar kwa mtu mwenye duka ni ghali zaidi ila unaiona ikiwaka na una pa kurudi. Kwenye Sabasaba pale barabara ya Kilwa kuna miaka utazikuta zinaonyeshwa, nenda na karatasi zako waambie wakate mbele yako. Ukiagiza China kwa kontena la kuchangia unalipa kwa CBM, yaani mita za ujazo, na mashine hizi zina kreti kubwa kuliko unavyofikiri, muulize muuzaji vipimo vya KRETI siyo vya mashine. Tyubu ni kioo, sisitiza ifungwe peke yake kwenye boksi lake lenye sponji na siyo ikiwa imeshafungwa ndani ya mashine, na ukipokea rekodi video kuanzia kreti bado imefungwa, bila video madai ya kuvunjika hayana mtetezi.

Upande wa forodha mashine za leza za kukata ziko kwenye kichwa 8456 cha orodha ya ushuru. Mwambie wakala wako akupe makadirio kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka, VAT ni asilimia 18 na inapigwa juu ya bei, usafiri na bima pamoja na ushuru kama upo, siyo juu ya bei ya mashine peke yake. Kuna watu wanalia bandarini kila wiki kwa sababu hii.

Na kwenye kreti hiyo hiyo agiza lenzi mbili za ziada, vioo vyote vitatu, na pawa saplai moja ya akiba. Vyepesi na bei ndogo ukiwa umeviunganisha na mzigo, ila ukija kuvihitaji mwezi wa 12 huku oda zimekujaa utavilipia kwa ndege.

Chupa_na_Kalamu:

Samahani nadandia. Mimi wateja wangu wanataka majina kwenye kalamu za chuma, chupa za maji na visu. Hiyo CO2 itafaa?

Fundi_Keko:

Chuma kitupu CO2 haikishiki mpaka upake dawa maalum ya kuwekea alama, chupa iliyopakwa rangi ndo inafaa kwa sababu inaondoa rangi tu, hapo unahitaji na kifaa cha kuizungusha. Kazi yako hiyo ni ya leza ya faiba, nanomita 1064, ya wati 20 au 30 inatosha, na haitaki maji. Ila haikati karatasi wala mbao kwa maana ya kibiashara, na klia inaipita. Fungua uzi wako tuongee, usichanganye na wa dada.

DadaKadi_Sinza:

Jamani nimekaa nimepiga hesabu. Nikichukua 60W ya 60 kwa 40 na chila ya kompresa, stabilaiza, fundi wa athi na feni ya dirishani, milioni tano haitoshi hata kama mashine yenyewe ningeipata kwa hiyo. Nifanyeje, nipunguze chila nianze na ile nyingine kisha nibadilishe mbele ya safari?

Umeme_Temeke:

Usipunguze chila wala athi. Kama lazima upunguze kitu, punguza wati, chukua 50 badala ya 60, karatasi na akriliki ya 2 na 3 inakata vizuri, inakuwa taratibu kidogo tu kwenye MDF. Au subiri uongeze hela mpaka msimu huu uishe, kazi zako endelea kutoa nje.

MamaMialiko:

Nakubaliana naye. Na programu usilipie siku ya kwanza, LightBurn wanakupa siku 30 za kujaribu na kila kitu kimefunguliwa, kudizaini tumia Inkscape ni ya bure. Hizo hela weka kwenye akriliki ya kujifunzia. Anza na vipande, andaa kijedwali kidogo cha miraba kwa kila karatasi yako, nguvu upande huu mwendo upande ule, ubandike ukutani. Karatasi ya rangi ya maziwa na ile yenye kung'aa hazitaki moto sawa hata kama gramu ni zile zile.

DadaKadi_Sinza:

Sawa. Nimeamua, 50W, meza ya 60 kwa 40, chila yenye kompresa, na naisubiri hela ikamilike, nisiingie mkopo kwa ajili ya msimu mmoja. Fundi wa athi anakuja kupima Jumamosi hii maana hilo halihitaji kusubiri mashine. Fundi Keko kama hutajali naomba nije nione kazi kwenye mashine yako kabla sijalipa, nije na karatasi zangu.

Fundi_Keko:

Karibu sana, nimekutumia inboksi. Njoo asubuhi kabla jua halijawa kali. Lete kila aina ya karatasi unayotumia japo vipande viwili viwili, faili liwe la mistari, SVG au DXF, na siyo picha ya JPG, mistari ya kukata na ya kuchonga uitenganishe kwa rangi. Na ile akriliki ya dhahabu unayoinunua lete kipande pia, tuipime kwa waya wa shaba kabla hatujaiweka mezani.